Fedha za kulinda amani nje ya nchi: zikirudishwa, zitafika hospitalini Pemba?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Pemba. Mwezi uliopita mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na nikatakiwa nikanunue nje baadhi ya vifaa kwa sababu hospitalini vilikuwa vimekwisha. Jioni yake barzani tukasikia redioni kuwa kikosi kingine cha wanajeshi wetu kinaagwa kwenda kulinda amani. Wenzangu wote walisema neno moja: fedha hizo zirudishwe nyumbani, zipelekwe hospitali na skuli, kwani hata Marekani wenyewe wamechoka kuzilipa. Mdogo wangu ni askari na aliwahi kupelekwa Kongo. Yeye anasema sisi hatulipi kitu, Umoja wa Mataifa ndio unaolipa kila kitu. Tangu arudi usingizi wake umeharibika na hapendi kuulizwa habari za huko. Nani mkweli baina yao? Na kama askari wote wakirudishwa kesho, hospitali yetu itapata chochote?"

Waalaykum salaam, mwalimu, na hongera kwa mtoto. Mwenyezi Mungu amkuze, na mama yake ampe afya njema. Mtu aliyetoka dukani na mfuko wa vifaa vya upasuaji alivyonunua mwenyewe, kisha akasikia askari wanaagwa kwa gwaride kwenda kuwalinda watu wa nchi nyingine, ana haki ya kuuliza. Hata hivyo hesabu yenyewe, ikifunguliwa, haiendi pale ilipopelekwa na barza yenu. Wenzako wamekosea kuhusu fedha za misheni za Umoja wa Mataifa, na mdogo wako amekosea kwa kudhani kwamba misheni zote ni za Umoja wa Mataifa. Wote kwa pamoja wamesahau kuwa baina ya bajeti ya jeshi na hospitali ya Pemba kuna mpaka wa kikatiba.

Tuanze na Umoja wa Mataifa. Bajeti ya operesheni zake za kulinda amani huchangiwa na nchi zote wanachama kwa viwango vinavyopangwa na Baraza Kuu, na wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama hutozwa zaidi kwa kuwa hakuna misheni inayoanzishwa pasipo ridhaa yao. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024 bajeti hiyo ilikuwa takriban dola bilioni 5.6. Marekani hupangiwa zaidi ya robo, na kwa viwango vilivyoanza 2025 China nayo imekaribia robo. Tanzania imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo hazitozwi zaidi ya asilimia 0.01 ya bajeti ya kawaida ya Umoja, na katika ulinzi wa amani husamehewa asilimia 90 ya kiwango hicho. Kwa hiyo mchango wetu hauzidi senti moja katika kila dola 1,000, yaani kiasi cha dola 56,000 kwa bajeti ile nzima. Kwa mtu mmoja ni fedha nyingi, lakini haziwezi kuendesha hospitali.

Ndiyo maana naona hoja ya Marekani imeletwa barzani kwenu kama ilivyo, bila ya kuulizwa inamhusu nani. Mmarekani anayesema fedha za kulinda amani zitumike nyumbani kwake anazungumza kama mlipaji: dola asiyoitoa inabaki katika hazina yake, na akitaka anaweza kuijengea daraja. Sisi tuko upande wa pili wa meza, upande wa wanaotoa askari na kurejeshewa gharama. Tangu Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiirejeshea serikali dola 1,428 kwa kila askari kwa kila mwezi, na kiwango hicho kimeongezwa kidogo baadaye. Chukua mfano wa kikosi cha askari 850: kwa kiwango kile, marejesho ya mwaka yanapita dola milioni 14.5, kabla ya malipo ya magari, jenereta, mahema na silaha ambayo huhesabiwa peke yake kwa mkataba. Askari mwenyewe hupewa na misheni posho ndogo ya dola 1.28 kwa siku. Mshahara na posho nyingine hupitia kwa serikali yake, kwa utaratibu ambao kila nchi hujipangia.

Askari hao wakirudishwa, malipo hayo husita siku ya kurudi. Mshahara wao hausiti, kwa sababu ni waajiriwa wa jeshi wakiwa Beni, huko Kongo, au wakiwa kambini nyumbani. Mchumaji wa karafuu anayekwenda shamba la mwenzake hulipwa kwa pishi alizochuma. Akiacha kwenda, ujira ule haumfuati nyumbani. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa wenzako ni kwamba kuwaondoa askari wetu katika misheni za Umoja wa Mataifa hakuokoi fedha za kupeleka hospitalini, na huenda kukaipunguzia Hazina mapato.

Sasa nije kwa mdogo wako, ambaye neno lake "kila kitu" ni kubwa mno. Zana za kikosi hununuliwa na nchi kwanza, na Umoja wa Mataifa hulipa gharama ya kuzikodi kidogo kidogo. Wakaguzi wake huzikagua kila robo mwaka, na gari lililoharibika au mtambo usiopo hukatwa kwenye malipo, hata kama nchi ilikwisha kutumia fedha kuusafirisha. Malipo yenyewe huchelewa, pengine kwa miezi mingi, kwa sababu Umoja wa Mataifa hauna fedha isipokuwa zile ulizochangiwa, na wachangiaji wakubwa wamekuwa wazito wa kulipa. Oktoba 2025 ilitangazwa kuwa robo ya askari na polisi katika misheni tisa watapunguzwa kwa sababu ya ukata huo. Nchi maskini inayotoa kikosi, kwa hakika, inaukopesha ulimwengu kwa muda, na mkopo huo hauna riba wala tarehe.

Tena kuna misheni ambazo hazimo kabisa katika utaratibu huu, na hapa ndipo wenzako wa barzani wana hoja nzito kuliko wanavyojua. Julai 2021 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilipeleka jeshi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizotoa askari hadi misheni ilipofungwa mwaka 2024. Desemba 2023 jumuiya hiyo hiyo ilipeleka askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania mashariki mwa Kongo. Jeshi hilo lilikuwa tofauti na MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko huko Kongo, ingawa nchi hizo tatu zilikuwa na askari katika zote mbili na eneo lilikuwa lile lile, na ndiyo maana watu wengi hulichanganya. Misheni za SADC hutegemea michango ya wanachama na mifuko ya nchi zenye askari. Kwa ile ya Msumbiji, Umoja wa Ulaya ulitoa msaada wa euro milioni 15 mwaka 2022, msaada wa maana lakini mdogo ukilinganisha na gharama ya kuweka majeshi vitani kwa miaka mitatu. Azimio 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, limefungua mlango wa operesheni za Umoja wa Afrika kulipiwa hadi asilimia 75 kwa michango ya Umoja wa Mataifa, ila mlango huo bado ni mwembamba, na jumuiya za kikanda hazipiti hapo moja kwa moja. Kwa misheni za namna hii, shilingi ya mlipakodi wa Tanzania ndiyo inayotoka, na swali lako ni halali kabisa: je, haikuwa na kazi nyumbani?

Kabla ya kulijibu, tutazame mpaka nilioutaja. Ulinzi na mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano, yaliyoorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Afya haimo katika orodha hiyo. Gharama za jeshi hupitishwa Dodoma, na kwa sehemu kubwa huonekana katika Fungu 38, la Ngome; uzi na dawa za hospitali ya Pemba hupitishwa Chukwani, katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi inayojadiliwa na Baraza la Wawakilishi. Tuseme Bunge limeamua kupunguza shilingi bilioni kumi kutoka Fungu 38. Fedha hizo zitabaki katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Jamhuri ya Muungano, na wa kwanza kuzigombea watakuwa barabara za Bara, deni la Taifa na wizara nyingine za Muungano. Hakuna sheria inayosema kuwa kilichopunguzwa katika ulinzi kivuke bahari kije Pemba.

Zanzibar hupata sehemu yake kwa njia nyingine. Ipo asilimia 4.5 iliyokubaliwa kwa misaada ya kibajeti, na ipo mikopo inayogawanywa kwa mazungumzo. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, uliotolewa wakati wa janga la korona, ulikuwa wa shilingi trilioni 1.3, na Zanzibar ilipata takriban bilioni 230. Hizo zilizidi sana asilimia 4.5, kwa sababu watu walikaa mezani wakazidai, na baadhi ya hospitali za wilaya tunazoziona leo zimetokana nazo. Katiba pia imetaja Akaunti ya Fedha ya Pamoja katika ibara ya 133 na Tume ya Pamoja ya Fedha katika ibara ya 134, ambayo kazi yake ni kuchambua mapato na matumizi ya mambo ya Muungano na kupendekeza kila upande uchangie nini na upate nini. Akaunti hiyo imekuwa miongoni mwa hoja za Muungano kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, Mpemba anayetaka fedha za ulinzi zimfae hospitalini atafika mbali zaidi akiulizia ibara hizo mbili kuliko akidai askari warudi.

Nirudi kwenye uzito wa misheni zenyewe, kwa sababu fedha si hesabu pekee iliyopo. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kushambulia makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kufikia Novemba mwaka huo kundi la waasi la M23 lilikuwa limeshindwa. Mwisho wa 2021 lilirudi, na Januari 2025 likauteka mji wa Goma. Machi mwaka huo viongozi wa SADC wakaamua kuliondoa jeshi lao. Nani atasema kwa yakini kuwa tulifaulu? Tuliwapa watu wa Kivu ya Kaskazini miaka kadhaa ya nafuu, na siasa za eneo hilo hazikuitumia nafasi hiyo kumaliza mzozo. Askari hununua muda tu, na kuutumia muda huo ni kazi ya watu wengine.

Muda huo una thamani kwetu. Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Kambi ya Nyarugusu huko Kigoma imewapokea Wakongo tangu miaka ya 1990 na bado ipo. Nchi haichagui kupokea gharama hizo. Huzikuta mlangoni, kama watu wa Shimoni, Kenya, walivyotukuta sisi Wapemba mlangoni kwao Januari 2001 tulipokimbia machafuko ya kisiasa. Cabo Delgado nayo si mbali kwa mtu wa pwani. Vita vilivyoanza huko Oktoba 2017 vilivuka mto Ruvuma, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kikashambuliwa. Uchumi wa Zanzibar umesimama juu ya mgeni anayepanda ndege akiamini kuwa pwani hii ni salama. Mwenye hoteli Nungwi huenda hajui Kitaya iko wapi, lakini mapato yake yanategemea vijiji kama hicho vibaki salama.

Upande wa pili nao usemwe. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 kwa hoja hiyo hiyo ya kuuzima moto kwa jirani, kisha ikashambuliwa na Al-Shabaab katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, ambako waliuawa watu 67, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako waliuawa 148. Kupeleka jeshi kunaweza kuleta usalama, na kunaweza kuleta adui ambaye hukuwa naye. Na askari wenyewe hufa. Julai 13, 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na waliopoteza maisha wakafikia 15. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kuwa misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa. Mimi huiona sentensi hiyo kuwa nzito kuliko hesabu zote nilizokuandikia hapo juu. Kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi zimetumika, Mtanzania ana haki ya kuuliza: helikopta ya kuwatoa majeruhi iko wapi, na nani ameahidi kuwa itaruka?

Rai yangu, basi, haitairidhisha barza yote. Misheni za Umoja wa Mataifa ziendelee, kama ilivyo Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa sharti kwamba marejesho yaonekane: yanaingia fungu gani, kiasi gani kimechelewa, na zana zetu zimekatwa malipo mara ngapi kwa ubovu. Misheni za kikanda tunazojilipia zisianze bila ya makadirio ya gharama kupelekwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, pamoja na ukomo wa muda. Siri ya kivita inahusu mahali askari walipo na silaha walizobeba. Jumla ya fedha ya mwaka mzima haimsaidii adui kitu. Kama serikali haiwezi kusema misheni ya kikanda itagharimu kiasi gani na itakwisha kwa alama gani, hapo nitakaa upande wa wenzako na kusema fedha hizo zibaki nyumbani.

Kuhusu hospitali, ipiganie katika uwanja wake. Vifaa vya upasuaji wa uzazi vinapokwisha, tatizo linaweza kuwa ni bajeti iliyopitishwa ndogo, fedha iliyopitishwa lakini haikutolewa, au bohari iliyochelewa kuagiza, na kila moja ina mtu wake wa kuulizwa. Usimalize shida hii kwa kuniandikia mimi. Weka risiti zako, nenda kwa daktari dhamana wa hospitali, naye akishindwa kukueleza, nenda wewe na wenzako wawili au watatu kwa mwakilishi wenu kabla ya kikao cha bajeti Chukwani, mkiwa na risiti mkononi. Suala la Fungu 38 na ibara ya 134 mpelekeeni mbunge wenu, kwani mwakilishi hana kura Dodoma, isipokuwa awe miongoni mwa wale watano wanaochaguliwa na Baraza kuingia Bungeni. Nimewaona watu wakimlaumu mwakilishi kwa mambo ya mbunge, na mbunge kwa mambo ya mwakilishi, na wote wawili wakapona.

Limebaki la mdogo wako, na hili usilicheleweshe kwa ajili ya siasa yoyote. Mtu aliyerudi kutoka eneo la vita akakosa usingizi, akashtuka kwa vishindo, akakwepa mazungumzo na kujitenga na watu, anaweza kuwa na maradhi yanayotokana na matukio ya kutisha, na maradhi hayo yana tiba. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema na liendelee, lakini lisichukue nafasi ya daktari. Aanze kwa daktari wa kikosi chake, ambaye anaweza kumpeleka hospitali ya jeshi kama Lugalo. Akiona haya kazini, aende kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya karibu, nawe ufuatane naye. Akisema maneno ya kujidhuru au ya kumdhuru mtu, au akianza kunywa ili apate usingizi, msingoje miadi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni makaratasi yake. Umoja wa Mataifa hulipa fidia kwa askari aliyekufa au kupata ulemavu katika misheni, lakini huilipa serikali na wala haulipi familia moja kwa moja, na dai huanzia jeshini kwa ripoti ya tukio na vyeti vya daktari. Maradhi ya akili ni magumu kuyathibitisha kuliko jeraha la risasi, na ugumu huzidi kila mwaka unaopita bila ya kuandikwa popote. Akienda kwa daktari wa kikosi, ahakikishe kuwa imeandikwa katika faili lake kwamba alihudumu Kongo, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, na dalili zilianza lini, kisha aombe nakala na wewe uiweke nyumbani.